Rangi Nyekundu kwenye Sufuria Sita

Kosa langu kubwa la mwanzo katika kazi hii nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa brashi ndogo na rangi nyekundu ya mafuta, mara sita. Kila mara nilirudi nyuma hatua mbili nikatazama kama herufi zimenyooka. Zilinyooka. Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Lau ningeandika ovyo, huenda chifu asingeweza kusoma.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi ya kugawa ruzuku kwa vikundi vya kina mama huku kwetu. Najua mtacheka mkisikia kwamba mstaafu anayewapa nasaha ana miaka thelathini na minane. Chekeni. Nilifanya kazi hii miaka kumi na miwili, na kila barua niliyoituma niliamka alfajiri kuisoma tena ilhali imeshakwenda. Mwishowe daktari aliyetazama tumbo langu akaniambia nichague moja, kazi au pilipili. Nilichagua pilipili. Sasa nina meza ya kuchapa barua za watu karibu na soko la Malindi. Makosa ya wengine hayaniumizi tena. Yangu bado.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vyombo la Bwana Kantilal. Tulipokea fedha kutoka kwa wafadhili wa mbali tukazigawa kidogo kidogo kwa wanawake wa vijijini waliokuwa wakituliza ugomvi: wa mipaka, wa mifugo, na ule mbaya kuliko yote, wa tuhuma za uchawi. Nyinyi mmekulia huku, sina haja ya kuwaeleza ugomvi huo huishia wapi. Mzee akiota mvi na ana shamba zuri, watakaolirithi ndio wa kwanza kumwona mchawi.

Na miaka ile mambo yalikuwa yamebana. Maneno ya ardhi yalikuwa kila mahali, na wakubwa walimhofia kila mtu aliyekaa na wenzake bila jeneza katikati. Kikao kilitaka barua. Barua ilitaka muhuri. Muhuri ulikuwa kwenye droo, na ufunguo wa droo alikuwa nao mtu aliyekwenda Mombasa. Ukipokea fedha za nje ulitakiwa useme ni za nini, na ukisema ni za amani uliulizwa, "Kwani kuna vita?" Ukijibu hakuna, basi fedha za nini? Ukijibu vipo, basi wewe mchochezi.

Mimi kazi hii sikuisomea. Nilimaliza kidato cha nne nikawa nauza bajia na mamangu, na bajia zetu tulizifunga kwa karatasi za ofisi moja iliyokuwa imekufa. Karatasi zile zilikuwa ripoti. Nilizisoma zote kabla hazijaingia mafuta. Humo ndimo nilimojifunza "walengwa" na "matokeo tarajiwa", na ndiyo sababu mpaka leo ripoti nzuri hunipa njaa. Lakini mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja, kila siku anangoja kugunduliwa. Basi nilijikinga kwa kutokosea. Niliwahi kurudisha fomu Marafa kwa sababu alama ya dole gumba la mama mmoja ilitoka nje ya kisanduku. Mama yule alipanda pikipiki hadi Malindi, akaweka dole ndani ya kisanduku, akarudi kwao na jua. Sikumwomba radhi. Mama, kama haya yatakufikia, dole lako lilikuwa sawa. Kisanduku changu ndicho kilichokuwa kidogo.

Sasa nije kwenye sufuria.

Kijiji chenyewe kiko mbele ya Jilore, upande wa mto. Sitakitaja, na mkifika mwisho mtajua nilikojifunzia kutotaja. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mama Sidi, mkulima wa mahindi, mfupi, mwenye sauti ya mtu anayeita mbuzi waliovuka mto. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilikuwa na fomu ya kurasa kumi na nne ndani ya mfuko wa plastiki ili isishike vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Makaratasi yote hayo umekuja nayo peke yako?"

"Ni fomu, mama. Nikusomee kipengele cha kwanza. Changamoto kuu ya jamii ni ipi?"

"Mzee Kalume."

Nikaandika. Kisha nikasimamisha kalamu. "Mzee Kalume ni changamoto?"

"Wanataka kumuua," alisema, akaendelea kupukuchua.

Mzee Kalume alikuwa mjane mwenye kichwa cheupe pe na shamba la kando ya mto, ambako mchicha haukauki hata kiangazi. Mpwa wake aliyeitwa Karisa alikuwa amefiwa na ng'ombe wawili kwa wiki moja, akasema mbele za watu kwamba anajua ni jicho la nani. Baada ya hapo watu waliacha kula kwa Mzee Kalume, na watoto wakaanza kuzunguka mbali na boma lake. Mama Sidi alishaona mambo yakianza hivyo mara mbili, na mara zote mbili alikwenda kuzika.

Nilimwonea huruma, wallahi. Lakini kipengele cha pili kilikuwa kinaningoja.

"Na mahitaji ya kikundi?"

"Sufuria."

"Sufuria?"

"Kubwa kubwa. Sita. Na masinia yake."

"Mama, sufuria si shughuli ya kujenga amani. Fomu haizijui. Sisi tunaweza kuwaletea semina ya usuluhishi, siku tatu, na mwezeshaji kutoka Mombasa."

"Huyo mwezeshaji anajua kupika?"

"Hapana."

"Basi ataingiaje kwa Karisa?"

Sikuelewa, na kwa kuwa niliogopa kuonekana sielewi, nilisema nitalipeleka ombi ofisini. Mkubwa wangu, Bi Salama, alikuwa mwanamke asiyetumia sentensi mbili pale ambapo moja ingetosha. Alinisikiliza akasema, "Wape sufuria."

"Niandike nini kwenye ripoti?"

"Andika sufuria."

Nilichelewa kuelewa lililokuwa wazi kwa wanawake hawa wawili wasiopata kuonana. Kijiji kile hakikuwa na sufuria za watu wengi. Mtu akiwa na arusi au matanga alikodi Malindi na kusafirisha kwa pikipiki, na zikirudi na tundu alilipa. Kikundi chenye sufuria kingeitwa kila boma. Na sufuria haziendi peke yake, huenda na wenyewe. Wapishi hufika siku moja kabla na kuondoka siku moja baada, wakakaa nyuma ya nyumba, ambako maneno yote ya kijiji hupita kabla hayajafika mbele. Hakuna chifu duniani anayedai barua ya ruhusa kwa mwanamke anayemenya vitunguu.

Mkiwa kazini mtakuta hivyo kila mahali, mradi msikilize. Mtwapa kulikuwa na kikundi cha wanawake wanaoishi vyumba vya kupanga, wenyeji na waliotoka bara, waliokuwa wakizuia vijana wao wasiumane wakati wa uchaguzi. Waliomba viti vitatu vya saluni. Nikauliza, viti vya saluni vya nini? Mmoja akaniambia, "Kaka, mtu akisukwa hukaa saa nne hainuki. Wewe semina yako humweka mtu saa nne?" Semina yangu watu walianza kutoka chai ilipoisha.

Bwana Kantilal, mwenye duka, alizaliwa Malindi kama babake, na alijua vyombo kama imamu anavyojua vitabu. Nilipoteremka na karatasi ya vipimo, aliiweka kando bila kuisoma.

"Unanunua sufuria kama unayetazama cheti. Gonga chini. Usigonge ubavuni, huko zote hujisifu. Hii umeisikia? Inalia kama kengele. Chini ni nyembamba, wali utashika na wageni watamsema mpishi. Gonga hii."

Nikagonga. Ilitoa sauti nzito, kama mtu aliyekatizwa usingizi.

"Hiyo ndiyo. Na vuta mashikio, usione haya. Likicheza dukani, litang'oka jikoni, na litamng'okea mtu mwenye mchuzi mikononi."

Hayo niliyafuata yote. Lau ningeishia hapo, leo ningekuwa na kisa kifupi. Lakini kwenye ripoti zile za kufungia bajia nilikuwa nimesoma kwamba kila kifaa cha mradi lazima kionekane ni cha mradi. Hakuna aliyeniomba. Bi Salama alikuwa Nairobi. Nikanunua rangi, nikazipanga sufuria sita kwenye baraza, na juu ya kila moja nikaandika kwa herufi kubwa: AMANI KWETU. MRADI WA WANAWAKE WAPATANISHI. Chini yake, kwa herufi ndogo, jina la ofisi yetu. Rangi ya mafuta hukauka polepole, na mimi nilikaa nikizipungia nzi mpaka zikakauka.

Mama Sidi alizipokea akazisoma moja baada ya nyingine, kana kwamba labda ya sita ingesema jambo jingine.

"Umeandika vizuri," alisema.

"Asante, mama."

"Rangi hutoka?"

"Aa, hii ni rangi ya mafuta, mama! Haitoki hata kwa moto!" Nilisema kwa fahari. Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto anayekuonyesha nyoka aliyemwokota.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Walipika kwenye matanga mawili na arusi moja, wakigeuza maandishi upande wa ukuta. Boma la tatu walilopikia lilikuwa la Karisa mwenyewe, aliyefiwa na mama mkwe, na huko jikoni ndiko walikosikia kwamba shamba la mto lilikuwa limekwisha kuahidiwa mnunuzi wa mjini, hata kabla ng'ombe hawajafa. Mke wa Karisa aliyasema mwenyewe huku akichambua mchele, akidhani anamlalamikia mumewe tu. Kwa hiyo kina mama wakajua wanapambana na nini. Haikuwa hofu ya uchawi. Ilikuwa haraka ya kuuza shamba.

Waliamua kwanza wamkinge mzee. Siku hiyo nilikuwepo. Walimpelekea piko, ile rangi nyeusi wanayojipaka kina mama kwenye arusi, wamtie kichwani mvi zipotee. Wazee wengi wa huko hujipaka, nyinyi mnajua. Mzee Kalume alilitazama bakuli kisha akawatazama wao. Msimdhanie mzee mpole mwenye hekima. Alikuwa mchoyo na mdomo wake ulikuwa mchungu kama shubiri.

"Nipakwe rangi? Mimi ni mlango?"

"Baba, ni kwa usalama wako," alisema Mama Sidi.

"Nikishapakwa, na kukohoa nako mtanipaka? Na kutembea?" Kisha akanigeukia. "Wewe mtoto wa mjini unayeandika andika. Babako ana mvi?"

"Anazo, mzee."

"Nani anamwinda?"

Tuliirudisha piko, na mmoja wa kina mama akajichorea mikono njiani ili isipotee bure.

Haukupita mwezi, chifu akaja kutoa pole kwenye matanga mengine. Watu walikuwa wengi na sufuria zote sita zilikuwa motoni, na sufuria iliyo kwenye mafiga haigeuki. Alisimama mbele ya rangi nyekundu akasoma kwa sauti, neno moja moja.

"Wanawake wapatanishi," alisema. "Mnapatanisha nani na nani?"

"Mchele na nazi, chifu," alijibu Mama Sidi.

Watu walicheka. Chifu hakucheka. Alikuwa mtu wa pale pale, amesoma darasa moja na Mama Sidi, wala hakuwa mbaya. Ila alikuwa na mkubwa wake, na mkubwa wake naye alikuwa na wakubwa wake. "Sidi, mimi nakuelewa," alimwambia pembeni. "Lakini mtu akipita akaliona neno hili, ataniuliza pana ugomvi gani kwangu ambao sijaripoti, na ni nani ametoa pesa. Nitasema nini?" Chakula kilipokwisha alizibeba sufuria kwa mkokoteni, akazifungia kwenye stoo ya ofisi yake mpaka mwenye mradi aje na barua.

Sufuria zilipofungwa na milango ilifungwa. Watu walirudi kukodi Malindi. Kina mama hawakuitwa tena popote, hawakusikia tena lolote, na walipojaribu kukaa wenyewe kwa wenyewe chini ya paa la shule, walifukuzwa kwa kukosa kibali. Wiki ya pili Mzee Kalume aliamka akakuta karatasi imebandikwa mlangoni pake. Hakujua kusoma. Alimpelekea Mama Sidi, akidhani ni ya chanjo ya mbuzi. Ilikuwa na neno moja tu: HAMA.

Nilipoonyeshwa karatasi ile, jambo la kwanza nililoliona, Mungu anisamehe, ni kwamba herufi zake zimepinda. La pili ndilo lililoniuma. Wale kina mama walikuwa na ukuta kati ya mzee na watu wale, na mimi ndiye niliyeubomoa kwa brashi.

Nikaandika barua. Sijawahi kuandika barua kama ile. Ilikuwa na viambatisho vinane: cheti cha ofisi, lengo la mradi, mpaka risiti ya rangi. Cha nane kilikuwa orodha ya wanachama wote kumi na wawili, jina, namba ya kitambulisho, simu, na boma la kila mmoja. Nilipita kwa Mama Sidi twende pamoja. Alikuwa anawasha moto wa chai. Akaomba aione.

Alisoma mpaka kiambatisho cha nane. Alikisoma chote. Kisha akakikunja mara mbili, akakisukuma chini ya kuni, akapuliza.

"Mama!"

"Karatasi nzuri," alisema. "Haina moshi."

"Hiyo ndiyo orodha!"

"Naijua ni orodha. Mwanangu, aliyebandika karatasi kwa Kalume hajui bado ni nani na nani wanaomlinda. Wewe unakwenda kuiacha juu ya meza ambayo kila mtu hupita." Akanimiminia chai. "Kunywa. Imechemka kwa jina langu."

Vijana, katika mambo yote niliyoandika humu, kama mtasahau mengine, hili msilisahau. Orodha safi ya watu wema ni zawadi kwa watu wabaya.

Kwa chifu hatukupata kitu. Aliisoma barua yangu yote, akavua miwani. "Barua yako ni nzuri mno," alisema. "Mtu mwenye barua nzuri hivi lazima anataka kitu." Akaitia kwenye droo. Mama Sidi alinisindikiza hadi barabarani akaniambia nisiandike tena chochote, ningoje. Nikamuuliza, nimngoje nani. Akasema, "Chifu ana binti."

Kweli, siku chache baadaye ilitangazwa arusi ya binti wa chifu. Arusi kubwa, na mkubwa wa chifu kutoka mjini alikuwa mgeni wa heshima. Mke wa chifu akatuma watu Malindi kukodi vyombo, wakaambiwa vyote vimekwenda kwenye arusi nyingine Gede. Basi akajifunga leso akaenda kwa Mama Sidi. Niliyosimuliwa ni haya.

"Sidi, nisitiri. Nina wageni mia na sina hata sufuria ya kuoshea mchele."

"Dada yangu, ungesema mapema! Sufuria zipo, sita, nzito, za Kantilal."

"Ziko wapi?"

"Kwa mumeo. Amezitia ndani. Kwani hajakuambia kosa lao?"

Nasikia stoo ilifunguliwa kabla mama yule hajafika nyumbani, maana alianza kumwita mumewe tangu njiani. Chifu alitoa sharti moja tu, maandishi yatoke. Na Mama Sidi naye akatoa lake, aliyeyaandika ndiye atakayeyatoa.

Niliitwa. Nilisugua siku mbili. Mchanga wa mto, majivu, makumbi ya nazi, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, kisha mchanga tena. Rangi ya mafuta kweli haitoki, nilikuwa nimesema ukweli. Vidole vilichubuka. Mama Sidi alikaa karibu yangu akikuna nazi na kuniongoza.

"Hapo kwenye A bado."

"Ipi, mama? Zipo nyingi."

"Zote."

Siku ya arusi nilivaa kanzu, nikapewa kazi ya kubeba masinia. Mnajua utaratibu wetu. Wanaume hukaa mkekani wanne wanne, na kila wanne sinia moja, mikono minne ndani ya pilau moja. Mwenye shughuli hualika, lakini anayepakua ndiye anayepanga nani ale na nani. Mtu akiambiwa na wapishi "Baba, sogea pale pamebaki nafasi," husogea. Hakuna anayebishana na jikoni akiwa na njaa.

Kwenye mkeka wa mbele walikaa chifu na mkubwa wake. Nafasi mbili zilikuwa wazi. Nikamwona mmoja wa kina mama akimshika mkono Mzee Kalume, aliyekuwa amejitenga kwenye kona na kichwa chake cheupe, akamketisha hapo. Kabla sijapata pumzi, mwingine akamleta Karisa. "Kaa hapa, mwanangu, pengine pamejaa." Karisa alikuwa ameshakunja magoti ndipo akaona ameketi mkabala na nani.

Nilikimbilia jikoni na sinia mkononi. "Mama, mmechanganya! Mmemweka Mzee Kalume na wakubwa, na Karisa pale pale! Hebu nikawapange upya..."

Mama Sidi alinikanyaga mguu. Kisigino chake kilikuwa kigumu kama kifuu.

"Karani," alisema polepole. "Mara hii acha kosa likae. Peleka sinia."

Nikalipeleka. Punje zikamwagika njiani, nami kwa mara ya kwanza maishani sikuziokota.

Kila aliyekuwepo, isipokuwa mgeni wa mjini, alijua maana ya wawili hao kuketi pamoja. Huwezi kutia mkono sinia moja na mtu unayesema anaua kwa jicho. Ukila, umejikana. Usipokula, mbele ya mgeni yule itabidi useme kwa nini, na ukishasema, utaulizwa pia ile karatasi ya mlangoni aliiandika nani. Karisa aliutazama wali. Jasho lilimtoka puani.

Mgeni wa mjini hakujua kitu. Alikuwa ametoka safari na njaa yake. Akasema bismillahi, akavunja pande la nyama, na kwa adabu ya mtu aliyelelewa akalisukuma mbele ya mwenye mvi. "Karibu, mzee. Wewe kwanza."

Mzee Kalume akala.

Chifu aliinua macho akayazungusha mpaka yakafika jikoni, yakamkuta Mama Sidi amesimama na upawa. Nadhani aliyasoma yote pale, bila herufi hata moja. Angeweza kukasirika. Badala yake aliinama akachukua pande jingine, akaligawa, nusu akamwekea mzee na nusu akamwekea mpwa wake.

"Kula, Karisa," alisema. "Wali unapoa."

Karisa akatia mkono.

Tonge la kwanza, la pili, la tatu. Ndipo Mzee Kalume akatafuna, akafikiri, akatangaza kwa sauti iliyofika mpaka kwa bibi arusi, "Chumvi imezidi." Ua wote uliangua kicheko, cha watu waliokuwa wameshikilia kitu kizito wakakitua kwa pamoja. Hata Karisa alicheka, nusu ya mdomo.

Sitawadanganya kwamba sinia moja la pilau lilimaliza kila kitu. Ugomvi wa shamba ulikwenda kwa wazee, ukarudi, ukaenda tena, na Karisa hakumpenda mjomba wake hata siku moja. Lakini kila alipojaribu kulirudia neno lile la uchawi, watu walimuuliza, "Si ulikula naye? Mbona hujafa?" Watoto ndio waliokuwa wabaya zaidi, walimuuliza kwa wimbo. Karatasi haikubandikwa tena mlangoni kwa mtu.

Jioni ile chifu alikuja jikoni tukiosha vyombo. "Sidi, mmenitega."

"Hatukukutega, chifu. Tulikupakulia."

Akachukua sufuria moja akaigeuza huku na huku kutafuta maandishi. Hakuyaona. "Basi zikae kwenu," akasema, akaenda zake.

Ripoti ya robo ile nilimwandikia Bi Salama mstari mmoja: sufuria sita, zinatumika. Aliisoma akasema ndiyo ripoti yangu ya kwanza aliyoimaliza.

Mzee Kalume alifariki mwaka juzi, kitandani pake, kwa uzee, akilalamikia uji. Alizikwa na mvi zake zote. Karisa alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, na chakula cha matanga kilipikwa kwa sufuria zile zile. Nilikwenda. Nilibeba masinia, na sikumpanga mtu.

Ofisini siku hizi fomu ni ukurasa mmoja. Haina kisanduku cha dole wala orodha ya wanachama, na panapoulizwa mahitaji pameachwa wazi. Vyombo vinavyotoka kwa Bwana Kantilal vinakwenda vijijini kama vilivyo, bila rangi.